Mgeni wa Dirisha la Jikoni

Jumamosi, 17 Novemba 2007

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Bibi ambaye nalala naye chumba kimoja. Tangu Agosti nasoma maisha ya Jerop kwenye intaneti, na Jerop hajui.

Jerop ndiye ninayekaa naye dawati moja shuleni. Blogu yake inaitwa Dirisha la Jikoni na haina jina la mtu. Mwandishi anajiita Dirisha tu. Nilijua ni yeye kwa sababu aliandika juu ya mwalimu wetu wa Kemia alivyokalia chaki siku ya wazazi, halafu juu ya "K., jirani yangu wa dawati, ambaye ukimpa siri unaweza kusahau kwamba ulimpa." Sentensi hiyo niliisoma mara sita. Jumatatu yake nilipaswa kumwambia, "Jerop, nimeona." Sikusema. Ukinyamaza siku ya kwanza, ya pili inakuwa ngumu, na ya kumi unakuwa mwizi.

Sasa shule zimefungwa na sitamwona mpaka Januari, labda siku ya Idi. Kwa hivyo leo nimethubutu kumwandikia chini ya blogu, kwa jina la Mgeni. Niliandika kama Bibi alivyotulea. Bibi aliletwa Nakuru kutoka Lamu akiwa bibi arusi, na mpaka leo anasema watu wa bara hawasalimiani, wanapigiana kelele tu. Kwetu huingii kwa mtu ukaanza na lako. Unabisha, unauliza mmoja mmoja: baba, mama, watoto, mgonjwa kama yupo, msafiri kama yupo. Ukimruka mmoja umemtukana. Basi nikaandika:

"Hodi dirishani. Mimi ni mgeni tu, nimependa ya hapa. Hamjambo nyote? Mama mzima? Na yule mdogo wako, mguu umepona?"

Kwanza kompyuta ya saiba, pale tunapolipia intaneti kwa dakika, ilitaka ninakili herufi zilizopindapinda ili nithibitishe mimi si mashine. Nilikosea mara mbili. Halafu ikasema kwa Kizungu kwamba maoni yangu yamehifadhiwa, yataonekana mwenye blogu akiyakubali.

Jumamosi, 24 Novemba

Hayajaonekana.

Ya Sapna yameonekana. Sapna ni wa darasa letu, baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi. Ameandika maneno matatu, kwamba amecheka sana, na Jerop amemjibu mistari miwili. Nikabonyeza jina la Sapna nione na yeye ana blogu ya namna gani. Ukurasa mweusi, maandishi ya waridi, na kabla sijasoma neno wimbo ukalipuka kwa spika, saiba nzima ikageuka. Sikujua pa kuuzimia. Kahiga mwenye saiba akaniambia kutoka mlangoni, "Kulu, ukitaka kuimba sema tu, tukununulie maiki." Watu walicheka. Nilizima kompyuta kwa kidole, jambo ambalo amekataza watu kufanya.

Huko kwa Sapna sirudi. Lakini nataka kujua kwa nini yeye anafunguliwa na mimi naachwa nje.

Jumamosi, 1 Desemba

Bado. Nina sababu tatu. Moja, naandika Kiswahili na hapo wote wanaandika Kizungu. Mbili, Jerop ameshajua ni mimi na ananipima. Tatu, Kahiga. Yeye hukaa pale mlangoni, anaona kila kioo, na huwa anapita nyuma ya watu akijifanya anaangalia waya. Mtu kama huyo anaweza kufuta kitu.

Jumamosi, 8 Desemba

Bado. Upepo na vumbi.

Alhamisi, 20 Desemba, Idi

Jerop alikuja kula pilau. Alisindikizwa na kaka yake Kipkorir, ambaye alikataa kuingia, akasema anawahi kulala kwa sababu yuko zamu ya usiku kule kiwandani. Bibi alimkalisha Jerop mkekani akamuuliza habari za watu wa kwao wote. Baba? Yuko Kabazi, kwa shamba, anamalizia kuvuna mahindi. Mama? Mzima. Mdogo? Amepona, ila uji uliomchoma umeacha alama mguuni. Jerop akacheka, "Bibi, nyinyi mnauliza kama polisi."

"Polisi hawaulizi wagonjwa," Bibi akasema.

Mimi sikuuliza kitu. Ninapokuwa na watu mdomo wangu unakuwa na kufuli. Nilimwongezea kachumbari na kumtazama usoni. Nilikuwa nangoja aseme, "Kuna mtu anaitwa Mgeni kwenye blogu yangu." Alisimulia juu ya kuku, juu ya matokeo ya mtihani, juu ya kura na vile majirani zao wa Lanet siku hizi wanasalimiana kwa midomo ya pembeni. Juu ya blogu hakugusa. Hata kwamba ana blogu hakusema. Mtu anayeweza kukaa saa tatu na wewe bila kutaja jambo anaweza kuficha mengine.

Jumamosi, 22 Desemba

Nimeandika tena. Nimenakili hapa, kwa sababu kule najua hayatatokea:

"Hodi. Ni yule mgeni. Natumaini mko salama wakati huu wa kura. Mzee amerudi kutoka Kabazi ama bado? Na kaka, siku hizi analala nyumbani ama yuko kazini usiku? Wasalimie wote."

Herufi zilizopindapinda nilipata mara ya kwanza. Maoni yamehifadhiwa.

Alhamisi, 27 Desemba

Baba na Mama wamepiga kura. Foleni ilizunguka shule ya msingi mara mbili. Mama amekataa kuosha wino kidoleni.

Jumatatu, 31 Desemba

Jana jioni walitangaza matokeo, na baadaye televisheni zikakatazwa kutangaza moja kwa moja. Simu ya Baba inaleta ujumbe kutoka kwa watu tusiowajua, kila mmoja unasema kabila fulani limepanga hivi, na mwisho unaambiwa utume kwa watu kumi. Baba anafuta. Nimemwona pia anasoma mara mbili kabla ya kufuta.

Jumamosi, 5 Januari 2008

Hakuna kadi za simu mjini. Mama alikuwa na salio kidogo, nikamwomba apigie mama yake Jerop, ikaita ikakatika. Kutoka Eldoret tunasikia mambo ambayo sitaandika.

Kahiga amefungua saiba nusu, mlango wa chuma umeshushwa hadi kiunoni, unaingia umeinama. Aliniambia, "Dakika kumi tu, Kulu, halafu nenda nyumbani." Nilikuwa peke yangu. Nilifungua Dirisha la Jikoni. La mwisho ni la tarehe 29: ameandika kwamba usiku wamezima taa mapema na mama yake amesukuma kabati mlangoni. Hakuna zaidi. Nikaandika haraka:

"Hodi, hodi. Mko nyumbani? Mko wangapi sasa? Mzee amerudi? Tafadhali jibu."

Dakika zote kumi nilikaa nikiubonyeza ukurasa ujifungue upya. Kahiga akasema, "Unangoja mtu?" Nikasema hapana. Anauliza sana.

Jumamosi, 12 Januari

Imefungwa.

Si kwamba imefutwa. Ukurasa ni mweupe na katikati yake kuna kisanduku kinachosema blogu hii ni ya wasomaji walioalikwa peke yao, na kwamba inaonekana wewe hujaalikwa. Inaonekana. Kama mtu anayekufungia mlango huku akikutolea kisingizio kwamba labda umekosea nyumba.

Nimekaa nikawaza Sapna amealikwa. Nimewaza wote walioandika Kizungu wamealikwa, wako ndani wanasomeana, na mimi ambaye nimesoma kila neno tangu Agosti ndiye nimesimama nje. Halafu nikawaza vibaya zaidi: kwamba Jerop amegawanya watu. Hawa wetu, wale si wetu. Sisi watu wa Bondeni wenye asili ya pwani kila upande unatuuliza tuko wapi. Labda ameamua tuko wapi.

Naandika hili ingawa najua ni baya. Hapa ni kwangu.

Jumatatu, 14 Januari

Shule zimefunguliwa. Upande wa Jerop wa dawati hauna mtu. Darasani tumepungua kumi na wanne. Nilimuuliza Sapna kama amealikwa, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwanzishia mazungumzo. Alinitazama. "Wapi? Ile blogu ya Dirisha? Nilikuta imefungwa kitambo. Kwani hiyo ni ya nani?"

Ama hajui, ama anajua kujifanya.

Jumapili, 27 Januari

Naandika chini ya meza ya jikoni kwa sababu Mama hataki mtu akae karibu na madirisha.

Ijumaa tulitolewa shuleni saa nne. Mwalimu wa zamu alisema twende kwa makundi, tusikimbie, tusisimame. Barabarani maduka yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine, mlio wa vyuma ukitangulia mbele yetu kama mtu anayetufungulia njia kwa kuifunga. Juu ya mji kulikuwa na moshi sehemu tatu. Nilipofika Mama alikuwa mlangoni na alinishika kichwa kwa mikono miwili kama anayepima tikiti maji. Tangu hapo hatujatoka. Kuna amri ya kutotembea usiku, na mchana hakuna anayetembea vilevile. Helikopta inazunguka. Baba analala na viatu.

Leo mchana walikuja vijana langoni. Sikuwajua, na sitaandika walikuwa wakisema lugha gani, kwa sababu nikiandika nitakuwa nimetuma ule ujumbe kwa watu kumi. Walikuwa kama wanane, na rungu, na mmoja alikuwa na daftari. Daftari la shule kabisa, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Waligonga bati la lango.

"Mathe, mama wa hapa, fungua. Mko wangapi humo ndani?"

Baba alikuwa uani anajaribu kusimama nyuma ya tangi. Bibi ndiye aliyejibu, amekaa palepale mkekani.

"Kwanza nisalimieni."

Kisha sauti moja, ya mtoto kabisa, ikasema, "Shikamoo, bibi." Wenzake wakamcheka.

"Marahaba. Haya, mnataka nini?"

"Mzee wa hapa yuko ama ametoka? Nani hulala hapa? Kuna mgeni?"

"Nalala mimi na magoti yangu," Bibi akasema. "Mgeni ni nyinyi."

Mmoja akasema twende, hawa ni wale wa msikiti. Wakaenda ploti inayofuata. Huko walikaa zaidi, na sitaandika.

Baada ya hapo nilikimbilia chini ya meza. Mama alidhani ni woga. Nilirudisha kurasa za daftari hili nyuma. Mko wangapi sasa. Mzee amerudi ama bado. Kaka analala nyumbani ama yuko kazini usiku. Nimeyasoma kwa sauti ya yule kijana wa langoni na yanamwenea vizuri kabisa. Hayana hata neno moja la kubadilisha.

Na Jerop hajawahi kuandika Kabazi kwenye blogu. Aliandika "shamba". Habari ya zamu ya usiku aliisema Kipkorir langoni kwetu. Mguu aliniambia mimi, darasani, wakati wa Hesabu. Mtu asiye na jina, anayejua baba yuko wapi, anauliza wanaume watakuwepo lini.

Miezi miwili nimekuwa nikitafuta nani mbaya kati ya Sapna na Kahiga na Jerop.

Jumatano, 30 Januari

Bibi kaniuliza kwa nini sili.

Jumamosi, 9 Februari

Saiba ya Kahiga ilivunjwa siku zile, kompyuta tatu zimeenda. Ya nne, ninayoitumiaga, imebaki, imepasuka pembeni. Kahiga amekonda. Mama yake na dada zake wako kwenye hema kiwanja cha maonyesho, kwa sababu kwao Molo hakuna tena nyumba. Alinifungulia bila kuniuliza, akasema, "Kaa tu, leo hakuna mtu." Nilimtazama akiunga waya. Ni kweli alikuwa anaangalia waya. Siku zote alikuwa anaangalia waya.

Nimeandika barua pepe kwa Jerop mara nne nikaifuta mara nne.

Alhamisi, 28 Februari

Viongozi wa pande mbili wametia saini amani. Watu wamepiga honi. Bibi amelala.

Jumamosi, 8 Machi

Jerop amekuja.

Amekuja na mama yake na begi moja la mistari. Walikuwa kwa shangazi, Ravine. Mama yake anataka asome asipoteze mwaka, lakini Lanet hawawezi kurudi sasa, na hosteli hazina nafasi. Mama yangu hakumwacha amalize. "Akae hapa na Kulu. Mnafikiri chumba kinajaa?" Bibi akaanza: baba? Kipkorir? Mdogo? Mama yake Jerop alijibu yote, lakini nilimwona anavyojikunja kila swali lilipokuja, na macho yanaenda mlangoni. Hakuwa hivyo zamani. Mimi ndiye niliyemfanya hivyo. Nilienda kuchemsha chai na nikakaa jikoni mpaka ikamwagika.

Jumapili, 16 Machi

Jana Jerop alinipeleka kwa Kahiga. Yaani tulifika karibu, halafu akanishika mkono, "Hapa siingii. Twende ile ya juu ya benki." Huko alifungua barua pepe, akaandika kitu, akaniambia nifungue yangu. Ndani kulikuwa na mwaliko. Umealikwa kusoma Dirisha la Jikoni.

"Ni yangu," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kualikwa. Sijaalika mwingine."

Nilijifanya nashangaa. Nilifanya vizuri sana, na hilo pia naliandika hapa.

Kulikuwa na maandishi ambayo hayakuwahi kutokea hadharani. La tarehe 5 Januari lilikuwa juu yangu. "Kuna mtu anaitwa Mgeni. Anatuchunguza tangu Novemba. Haandiki matusi, anasalimia, na hiyo ndiyo inanitisha. Kipkorir amesema nisimkubali na nisimfute, tumwache aendelee kuandika ili tujue anajua nini. Leo ameuliza tuko wangapi. Baba amesema tunaondoka kabla ya giza. Mama ameacha unga umekandwa."

"Uliogopa?" nikauliza. Sijui sauti ilitoka wapi.

"Mdogo wangu mpaka leo halali bila mtu kushika mguu wake, ule mguu." Akafunga ukurasa. "Tunamjua. Ni Kahiga."

"Kahiga?"

"Salamu zake zote ziliandikwa Jumamosi asubuhi, saa yeye yuko pale saiba. Na yeye ndiye aliyenifungulia barua pepe, anajua mimi ni nani na tunatoka wapi. Nani mwingine? Kipkorir anakuja Jumamosi ya Pasaka na wasee, wenzake wawili wa kazini. Wanataka tu kumuuliza."

Niliangalia mikono yangu.

"Kulu, unajua kwa nini nimekualika wewe? Watu wote siku hizi wanauliza maswali. Wewe tangu Form One hujawahi kuniuliza kitu."

Jumatano, 19 Machi

Nilijaribu tukiosha vyombo. Nikasema, "Labda si Kahiga." Akasema, "Unamtetea kwa nini?" na akanitazama kwa namna ambayo naijua vizuri, kwa sababu ndivyo nilivyomtazama yeye siku ya Idi. Nikasema sijui tu.

Nilienda kwa Kahiga kumwonya. Alikuwa amewaleta dada zake wawapigie jamaa simu, wamekaa watatu kwenye benchi. Akaniambia, "Kulu, salimia watu basi." Nikasalimia. Nikaondoka.

Ijumaa, 21 Machi, Ijumaa Kuu

Kesho ni ile Jumamosi ya Pasaka ya Kipkorir. Wanafika saa nne.

Mawingu yamekuja tangu asubuhi, ya kwanza ya maana mwaka huu. Jerop ametoka kuanua nguo kabla hayajamwaga. Bibi yuko kwa jirani. Nyumba ni mimi na saa ya ukutani.

Nimehesabu njia zote. Nikimwambia Kahiga akimbie, atakuwa ametoroka kwa kosa, na watamtafuta. Nikimwandikia Jerop kama Mgeni, nitakuwa naandika kutoka chumba anacholala. Nikinyamaza, wanaume watatu wataingia kwa mtu ambaye mama yake yuko hemani, na watamuuliza. Najua sasa jinsi maswali yanavyoulizwa. Na Jerop akijua, ataondoka hapa na begi lake la mistari, na atakuwa na haki, na mama yake hatatuamini tena, na Mama yangu hatajua aniweke wapi. Hayo yote nimeyaona. Bado mguu wa mtoto yule ni mzito kuliko yote.

Kwa mdomo siwezi. Nimejaribu Jumatano, nimejaribu jana mara mbili, kufuli ni lile lile. Kwa hivyo nimeandika hapa chini kwa herufi kubwa, nimezikaza sana mpaka zimetoboa ukurasa wa pili:

JEROP, MGENI NI MIMI. NILIKUWA NAWASALIMIA. MWAMBIE KIPKORIR LEO.

Tone la kwanza limegonga bati. La pili. Nasikia malapa uani, ni yake, huburuta la kushoto. Ameingia jikoni, anaweka nguo mezani. Mkono wangu umeanza wenyewe kulisukuma daftari chini ya mto, limeingia nusu, nimelivuta tena nje.

Anakuja koridoni. Anaita jina langu, anauliza niko wapi.

Siitiki. Naandika polepole, ili anikute bado naandika.